Maji Yanayolishwa

Hebu niambieni, nyie mmeshawahi kumwona mtu analisha maji?

Si samaki. Maji. Mwanangu Shomari analisha maji kila asubuhi, hapa sebuleni kwake Dodoma, kabla hata hajavaa viatu vya kazini. Anafunua kifuniko cha tangi la kioo, anachota chakula cha samaki kwa vidole viwili kama mtu anayeonjesha mchuzi chumvi, ananyunyiza, anafunika. Ndani hamna samaki. Mna mchanga mweupe, mna mawe, mna pampu inayonguruma kama paka aliyeshiba, na maji ya bomba yaliyokorogwa chumvi ya ndoo mpaka yakawa bahari.

Mwanzo nilidhani mwanangu kazi zimemzidi. Nikamwuliza mkewe, Rukia, "Hivi mwenzio anapata usingizi?" Rukia akacheka mpaka akashika ukuta. Ndipo Shomari akanikalisha kwenye kochi akanieleza. Maji mapya, alisema, hata yawe na chumvi sawasawa, hayajui kubeba uhai. Samaki akiingia leo, uchafu wake mwenyewe utamuua. Sharti kwanza wazaliwe vijidudu wasioonekana kwa macho, wanaokaa kwenye mawe na mchanga, kazi yao kula ule uchafu. Na ili wazaliwe lazima walishwe. Chakula kinaoza, wao wanakula uozo, wanaongezeka. Siku wakitosha, ndiyo tunasema maji yamepevuka. Hapo ndipo samaki anaingia.

"Mpaka lini?" nikamwuliza.

"Mama, maji hayana haraka."

Tangi hilo amenitengenezea mimi. Nililetwa hapa kutoka kisiwani Songosongo baada ya baba yake kufariki na jicho langu moja kupasuliwa. Kuna jioni nikaropoka kwamba Dodoma ukilala husikii kitu chochote kinapumua. Nilikuwa nasema bahari. Baada ya muda akaja na kioo kikubwa amekifunika blanketi, wamekishika yeye na jirani, wanaingia nacho mlangoni taratibu kama wanaingiza mgonjwa.

Sasa mtu aliyekuletea bahari sebuleni, utamwambiaje kwamba unataka kurudi kwenu? Kila jioni akitoka kazini ananiuliza, "Mama, unahitaji kitu?" Na kila jioni namjibu, "Sina haja, mwanangu, nimeshiba." Rukia ananiuliza hivyohivyo, nami namjibu hivyohivyo. Wamenizidi wema. Ukiwa na watu wabaya unaondoka tu, unabeba kapu lako unaondoka.

Na kuna habari ya yale mawe. Yaliletwa kutoka pwani yamefungwa magazeti yaliyolowa, yana utelezi, yananuka mwambani kabisa. Shomari akayaacha uani kwenye beseni, akaenda kumchukua binti yake Nasra shuleni. Mimi nimelelewa kwamba kitu hakiingii sebuleni na uchafu wake. Nikavuta kigoda, nikachukua dodoki na sabuni ya mche, nikayasugua moja moja mpaka yakawa meupe kama meno ya bandia. Nikayaanika. Shomari aliporudi akakaa chini palepale, begi la mtoto likiwa bado begani kwake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, tunaanza upya."

Haya, sasa niwahadithie ndoto.

Usiku wa kuamkia leo nimeota niko jikoni kwa Rukia, ungo uko mapajani, nachambua mchele. Ule mchele ni mchanga wa tangi, lakini naendelea kuuchambua kwa sababu nao una mawe. Punje mbaya naweka huku, punje nzuri naweka huku. Mara sebuleni sauti inaita:

"Mwajabu binti Mfaume!"

Inaita kama wanavyoita zahanati. Naweka ungo chini, najifunga khanga vizuri, naenda.

Kochi limeondoka. Mahali pake pana benchi refu la mbao, na kwenye benchi wameketi samaki. Kila mmoja yumo ndani ya mfuko wake wa plastiki uliojaa maji, umefungwa mpira juu, macho mbele, kimya, kama watu waliowahi kufika. Mwisho wa benchi pana nafasi. Nakaa. Jirani yangu ni samaki aina ya changu, mzee, shavuni ana kovu la ndoana.

"Shikamoo," namwambia, maana naona amenizidi.

"Marahaba. Umekuja kuingia?"

"Nimeitwa."

"Sote tumeitwa," anasema changu. "Maji hayajapevuka. Mfuko wako uko wapi?"

Natazama mapajani. Sina mfuko.

"Nilikuja kwa basi," namwambia. "Nadhani ulipasukia Morogoro."

Benchi zima linageuka. Kasamaki kamoja ka njano kanaropoka, "Huyu hana mfuko! Na bado anaongea!"

"We mtoto, mwache bibi apumue," changu anakakemea.

Mlangoni pa tangi yuko Pampu. Amevaa kofia ya mlinzi, na kila akinguruma kofia inaruka kidogo, anaishika.

"Mwajabu binti Mfaume. Una uhai?"

"Ninao."

"Kiasi gani?"

"Wa kuswali nimekaa, na kuchambua mchele."

"Huo unatosha kufa," anasema Pampu, wala hasemi kwa ubaya. "Kanuni ni moja tu. Chenye uhai hakiingii mpaka maji yapevuke. Karudi ukakae."

"Lakini mimi nimeshaingia," namwambia. "Naishi humuhumu. Chumba changu ni kile chenye pazia la maua, jirani na choo."

Pampu akazima. Nyumba nzima ikawa kimya, hata friji.

"Nani alikuingiza?"

"Mwanangu."

"Alikulishia maji kwanza?"

Nikafikiri. Sikutaka kumsingizia mtoto wa watu. "Alininunulia godoro," nikasema. "Na mkewe alipaka chumba rangi."

"Rangi haizai kitu," akasema Pampu.

"Na hukufa?" changu akauliza kutoka kwenye benchi.

"Sijui," nikamwambia. "Hakuna aliyenipima."

Hakuna aliyecheka. Wakasogeana, mifuko ikakwaruzana, wakanipa nafasi kubwa kama wanavyompa mfiwa. Kale ka njano kakanitazama, kakaangalia pembeni.

Hapo likaja jiwe. Miguu sikuiona, ila lilikuja, likaketi upande wangu wa kulia. Lilikuwa linanuka sabuni.

"Ndiwe uliyenisugua?"

"Ndimi. Ulikuwa mchafu."

"Ule haukuwa uchafu," likasema jiwe. "Wale walikuwa watu wangu."

Nikaliomba radhi. Jiwe likasema limeshasamehe, tatizo lake ni moja tu, kwamba likicheka linatoa povu. Likacheka kidogo kunionyesha. Kweli, povu.

"Na wewe ulisuguliwa?" likaniuliza.

"Mimi? Hapana. Mimi niliogeshwa, nikafuliwa nguo, nikapewa kitanda cha springi."

"Na watu wako?"

"Wako Songosongo."

"Basi ulisuguliwa," likasema jiwe, likajifuta povu.

Nilipoinua macho hatukuwa tena sebuleni. Benchi ni lilelile, samaki ni walewale, lakini tuko mwambani, Songosongo, upande wa kaskazini ambako wanawake huenda kuchokoa pweza maji yakikupwa. Naujua mwamba ule kama ninavyolijua jiko langu: hapa pana kidimbwi cha majongoo ya bahari, pale pana jiwe linaloyumba, ukilikanyaga unaanguka na wenzio wanakucheka mpaka mnarudi nyumbani. Siku ile bahari ilikuwa imekupwa mbali kuliko nilivyopata kuona. Ilikuwa imekwisha kabisa.

"Imekwenda wapi?" nikauliza.

Changu akaonyesha kwa pezi. Bahari yote ilikuwa ndani ya tangi, na tangi limesimama katikati ya mwamba juu ya meza yake, na kitambaa chake cha kudarizi, na waya wa umeme umechomekwa kwenye tundu la pweza.

Kando ya tundu hilo ameinama Somoe.

Somoe ni shoga yangu tangu hatujatoboa masikio. Ndiye niliyemwachia ufunguo wa nyumba na kuku wangu. Khanga ameikaza kiunoni, mkononi ana chuma chake cha kuchokolea, na hakuinuka kunitazama, maana ukiwa umemkaribia pweza huinuki hata ukiitwa na serikali.

"Wee Mwajabu!" akanipigia kelele. "Umenenepa kama mke wa diwani!"

"Na wewe umebaki mifupa. Hao pweza unawachokoa wa mapambo?"

"Nitawala na nani? Pweza mmoja ni mkubwa kwa mtu mmoja."

Nikaona nibadilishe habari. "Kuku wangu hawajambo?"

"Wamenizoea. Yule mwekundu ananiita Mwajabu. Nimechoka kumrekebisha, siku hizi naitika."

"Na nyumba?"

"Naifagia. Juzi nimefagia nikakukuta uvunguni mwa kitanda. Nikakuacha hapohapo, nikasema atakuja kujichukua mwenyewe."

Nikacheka. Somoe naye akacheka, lile cheko lake la kuishiwa pumzi, la kujipiga paja. Ni muda sasa sijalisikia, kwa simu haliji lote, linakatikakatika.

"Magoti vipi?" akaniuliza.

"Yananiuma."

"Huko Dodoma hayaumi?"

"Yanauma."

"Basi si yaje yaumie huku, tukandane?" Akachomoa chuma, akakitazama, hamna kitu, akakirudisha. "Unangoja nini, shoga?"

"Sijamwambia mtoto."

"Humwambii kwa nini?"

"Amenitengenezea bahari."

Ndipo Somoe akainuka. Akalitazama tangi kwa muda mrefu, akalizunguka, akagusa kioo kwa kidole, akafuta alama ya kidole kwa ncha ya khanga.

"Nzuri," akasema. "Amefanya kazi, mtoto yule. Ila mimi humo sienei."

Mara sauti nyingine ikatokea chini ya mguu wangu.

"Bibi, angalia unapokanyaga."

Nikainua mguu. Sikuona mtu.

"Tuko hapa. Tuko wengi ila hatutoshi. Umetuletea nini?"

Walikuwa vijidudu. Nikawaamkia wote kwa pamoja, nikawaambia mwanangu si anawapa chakula kila asubuhi?

"Anatupa, tunamshukuru," wakasema. "Lakini ni kidogo na chepesi. Tunataka kitu kizito, kilichokaa. Fungua pindo."

Nikatazama pindo la khanga yangu. Kweli lilikuwa limefungwa fundo, na fundo lilikuwa baridi. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na kamba aliyegandishwa, barafu tupu, mgumu kama msumari.

"Huyo si kamba," wakasema vijidudu. "Ni neno. Limeganda."

Nikaliweka sikioni. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, iko mbali ndani ya barafu. Nikalishusha haraka, Somoe asilisikie, ingawa Somoe alishalijua zamani.

"Hili silitii kwenye maji," nikawaambia. "Litanuka. Litamwumiza mwanangu."

"Litanuka, ndiyo. Siku za mwanzo kunanuka sana, ndivyo tunavyozaliwa sisi. Lakini likikaa kwenye pindo haliozi. Lisipooza hatuli. Tusipokula, maji hayapevuki. Yasipopevuka, wale wote watafia kwenye benchi."

Nikageuka. Mfuko wa changu ulikuwa umeota ukungu kwa ndani, naye anahema kwa kupokezana, shavu hili halafu shavu hili. Kale ka njano kalikuwa kameinamisha kichwa. Hakakulalamika, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa mtoto.

Hapo mbingu ikafunuka kama kifuniko. Nikajikuta niko ndani ya tangi, nimesimama kwenye mchanga, Somoe kabaki nje ya kioo na chuma chake. Nilijua nimo ndani ya maji kwa sababu khanga yangu haikulowa. Juu, uso wa Shomari umejaa kote, mkubwa kama uwanja wa mpira, na tai imening'inia. Vidole viwili vikashuka, vikanyunyiza.

"Mama, unahitaji kitu?"

"Sina haja, mwanangu, nimeshiba," nikasema, kwa mazoea.

Maneno yakanitoka mdomoni kama vipande vyeupe, yakazama taratibu, yakayumba huku na huku, yakatua. Vijidudu wakayaonja. Wakayatema.

"Haya hayana kitu ndani. Ni plastiki. Hayaozi hata mwaka."

Shomari hakufunika. Akabaki ananitazama. Na uso ule, ukubwa wote ule, nikauona vizuri kwa mara ya kwanza tangu jicho langu lipasuliwe. Mtoto halali. Ana mikunjo chini ya macho ambayo baba yake aliipata uzeeni. Akasema, si kuniambia mimi, anayaambia maji:

"Sijui nimpe nini tena."

Nikapiga magoti kwenye mchanga. Nikaliweka lile ganda la barafu chini, taratibu, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia njiani. Likatoa jasho. Likalainika. Maji yakachafuka yakawa kama maji ya kuoshea mchele, kisha harufu ikaja: banda la kuku, nepi, mwamba uliopigwa na jua la saa sita. Sikuziba pua. Hiyo ndiyo harufu ya kwetu maji yakikupwa, na sikuwa nimeipata tangu nilipopanda basi.

Vijidudu wakala. Kula kwao kulikuwa kama mvua juu ya makuti. Kwenye benchi changu akang'ata mpira wa mfuko wake, akawaambia wenzake, "Vueni viatu." Wakaanza kuvua viatu. Jiwe lilikuwa limekaa kando yangu, likaniambia linawashwa mgongoni. Nikatazama, nikaona limeota kidoa cha zambarau. Nikaliambia lisijikune.

Somoe akagonga kioo kwa chuma chake.

"Kwa mdomo!" akasema. "Shoga, limetoka kwenye pindo, sasa litoe kwa mdomo!"

Nikafungua mdomo. Likatoka povu moja la hewa, kubwa kama chungwa, likapanda juu, likaelekea usoni kwa Shomari. Lilichosema sikukisikia, maana niliamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Nikatawadha, nikaswali, nikatoka sebuleni nashika ukuta. Kochi lipo mahali pake. Shomari amepiga magoti mbele ya tangi na vichupa vyake vya kupimia maji, anatikisa kimoja kwenye mwanga wa dirisha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Sielewi. Jana jioni nilipopima ilitoka kijani kabisa, sumu tupu. Tazama sasa." Akanisogezea kichupa. Kilikuwa cha njano, safi. "Na cha pili nacho safi. Maji yamepevuka, Mama. Kwa usiku mmoja! Haiwezekani."

"Vidawa vyako vimekwisha muda, baba Nasra," Rukia akasema kutoka jikoni.

"Havijaisha! Nimerudia na vya chupa mpya!"

Nikainama nikaweka uso karibu na kioo, kwa lile jicho zima. Jiwe la upande wa kulia, ambalo jana lilikuwa jeupe tupu, lilikuwa na kidoa cha zambarau mgongoni, hakizidi ukucha wa mtoto. Shomari alikuwa hajakiona.

"Basi leo hiihii nikitoka kazini natafuta samaki," alikuwa anasema, anafuta mikono kwenye suruali ya kazi, anacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu tulipomzika baba yake. "Na wa kwanza unachagua wewe. Sema, Mama. Unataka nini?"

Rukia alikuwa ametoka jikoni, amesimama na birika mkononi, naye anangoja. Nikashika ukingo wa meza.

"Nataka kurudi Songosongo," nikamwambia. "Si kutembea, Shomari. Kukaa."